Jezi Iliyoandikwa Naludi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, nasema nauza jezi. Wakiuliza za timu gani, hapo ndipo ninapoanza kuchoka, maana jezi zangu hazionekani kwenye televisheni. Nauza jezi za kizamani ninazozishona upya, za misimu ambayo waliozivaa uwanjani sasa wana vitambi na wajukuu, na wengine tumeshawazika. Nina kibanda Buzuruga, hapa Mwanza, karibu na stendi, na nyuma yake kuna chumba chenye vyerehani viwili na mashine ya kuchapa. Mbele nimepanga vikombe vyenye picha za vikosi vya zamani, skafu, kalenda, na saa za ukutani zenye nembo ambazo timu zenyewe zilishaziacha. Watoto wanamnunulia baba yao siku anapostaafu. Wanawake wanawanunulia waume zao Krismasi, halafu wananipigia simu kunilaumu kwamba mzee hataki kuivua hata kanisani.

Nimeona wanaume wazima wakilia mbele ya meza yangu kwa sababu ya ukosi wa shati. Siwacheki, na anayewacheka namfukuza. Kijana mmoja aliwahi kuuliza kwa sauti kama hizi si mitumba iliyofufuliwa, nikamwambia apishe, ananizibia hewa. Mdomo wangu haujawahi kuwa na breki, hilo Buzuruga nzima inalijua.

Siku moja asubuhi alikuja mwenyekiti wa tawi letu la mashabiki. Ni mtu wa rika langu, mnene, mcheshi, ambaye hucheka kabla hajamaliza alilotaka kusema. Tawi lilikuwa linajiandaa kwa sherehe yake, na alitaka jezi kwa ajili ya wanachama wote.

"Dada, safari hii nataka ile ya mwaka tulioshuka daraja."

Mgeni angeshangaa. Nani anasherehekea kushuka daraja? Ila sisi wa mji huu tunaelewana. Timu ikiwa juu kila mtu ni wake, hata asiyejua mpira una pande ngapi. Mwaka ule iliposhuka walibaki wachache tu jukwaani, na hao wachache wakajitengenezea jezi yao, ya mashabiki, si ya wachezaji. Ilikuwa nyeupe, ukosi wa bluu, kifuani samaki anaruka kutoka majini, na chini ya samaki neno moja kwa herufi kubwa: NALUDI.

"Na uandike vilevile," akasema. "Ole wako uniwekee r. Ukiniwekea r, nakuachia mzigo wote hapa hapa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikainama kujifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Shida ilikuwa moja: hakuwa na sampuli. Alikuwa na picha chache zilizofifia, huoni ukosi umekatwaje wala samaki ana mapezi mangapi. Jezi zenyewe zilivaliwa mpaka zikaisha, nyingine zikawa matambara ya kupigia deki. "Laiti ningempata mtu anayo hata moja," alisema, "tungeipiga picha vizuri, halafu tungeiweka kwenye fremu ya kioo pale tawini." Nikamwambia nitaangalia. Sikuwa na haja ya kuangalia popote. Ilikuwa nyumbani kwangu Kiseke, ndani ya begi la mama yangu, na begi lilikuwa chini ya mto wake.

Ilikuwa ya mdogo wangu.

Sisi ni watu wa Mara, wa kandokando ya ziwa. Kwetu mtu huvua na kulima, na mtoto akipata kazi mjini anarudi likizo na sukari na sabuni. Mdogo wangu alikuwa kiwandani hapa Mwanza, kwenye minofu ya sangara, na kila siku ya mechi alikuwa jukwaani. Likizo yake ya mwisho alikwenda nyumbani na ile jezi. Aliivaa mpaka mama akamvua kwa lazima, akaifua, akaianika. Jioni ile rafiki zake wakampitia kwenda kuvua dagaa, akaondoka na fulana chakavu, jezi ikabaki kwenye kamba. Upepo ukawakuta mbali. Wenzake waliokotwa wakiwa hai, wameung'ang'ania mtumbwi. Yeye hakuonekana. Walimtafuta mpaka visiwani, wakauliza kila mwalo wa wavuvi, wakarudi mikono mitupu.

Kwetu mtu aliyemezwa na ziwa haachwi hivi hivi. Mwili usipopatikana, mzazi wake huenda ufukweni na nguo yake, anamwita kwa jina, anailowesha ile nguo majini, anaibeba mpaka nyumbani bila kugeuka nyuma. Nyumbani wanakuwa wamekata shina la mgomba lenye urefu wa mtu. Shina linavalishwa nguo, linazikwa, watu wanalia, mambo yanakwisha. Mchungaji wetu wa wakati ule hakuupenda utaratibu huo, ila hakuukataza. Alikuwa anakuja mwishoni, anasoma sala yake, anakunywa chai.

Wazee walipokuja kumwomba mama ile jezi, baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo mzazi aliyebaki ni mmoja. Mama akaitoa kwenye kamba, akaitandaza mapajani. Mama yangu alijua kusoma kwa kisomo cha watu wazima, anafuatisha kidole, anatamka silabi moja moja. Alisoma mbele ya wazee wote: na-lu-di.

"Ameniaga," akasema. "Mnataka nimzike mtu aliyeniandikia kwamba analudi?"

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Mama yangu r haimkai mdomoni. Kwake ni kuludi, ni halaka, ni balabala. Sisi watoto tulipoanza shule tukajifanya tunajua sana, tukawa tunamwigiza, na aliyemwigiza kwa raha kuliko wote alikuwa huyu mdogo wangu. "Mama, naludi sasa hivi!" anapiga kelele akiwa mlangoni, na mama anamrushia kitambaa. Sasa fikiria mama huyo anaiona jezi ya mwanawe, kifuani kumeandikwa neno lilelile, na limeandikwa si kama linavyoandikwa shuleni, limeandikwa kama linavyotoka mdomoni mwake yeye. Nani angembishia? "Ameandika kwa mdomo wangu," alisema. Wazee wakaangaliana, wakavaa kofia zao.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Kagera. Niliporudi msibani nilikuwa nimeshasikia watu wakisimulia kwamba jezi hizo zipo nyingi mjini, nikamwambia mama waziwazi, maana sijui kuzunguka. Akaniuliza, "Umeziona wewe?" Nikasema sijaziona, nimesikia. "Basi," akasema, na hiyo basi yake ilikuwa imefunga mlango na komeo.

Miaka ikapita. Mimi nikaachika, nikahamia Mwanza, nikaanza biashara. Kila nilipokwenda nyumbani niliona pale pembeni ya kaburi la baba pameachwa wazi, majani yanaota, na hakuna wa kupagusa. Kila mwaka tuligombana mimi na mama kuhusu pale. Nilikuwa namwambia mtu hawezi kuachwa majini kama mzigo uliosahaulika kwenye meli. Alikuwa ananiambia nina haraka ya kuzika, nimekuwa kama wauza majeneza.

Halafu miguu ikaanza kumvimba, presha ikapanda, nikamchukua aje Kiseke atibiwe. Hapo baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo siku hizi, akaanza kunipigia simu. Ni mzee mpole, haongezi neno. Aliniambia, "Mwanangu, anayemwita mtu wa majini ni aliyemzaa. Mimi siwezi, wewe huwezi. Mama yenu akitangulia kabla hajamwita, yule atabaki humo humo." Simu ilikuwa bado sikioni. Nilimwangalia mama pale kwenye mkeka, anapanga dawa zake kwa rangi kwa kuwa majina yake yanamshinda, nikaogopa. Sijawahi kuogopa namna ile.

Kwa hiyo mwenyekiti alipotaja jezi ile, usifikiri nilikuwa nawaza biashara tu.

Jioni nilimwambia mama nataka kuitazama. Akaacha kutafuna.

"Unataka kuipeleka kwa baba yako mdogo."

"Mama, ni kazi. Tawi wanataka jezi kama ile, sina sampuli. Fundi aangalie ukosi, akurudishie."

"Unanidanganya."

"Haya, nakudanganya! Mimi ni mwongo, tangu nizaliwe ni mwongo! Kaa nayo!" Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hata hazijakauka.

Niliporudi ndani alikuwa ameshalaza begi mapajani. "Sitaitoa mkononi," akasema. "Nitakuja nayo mwenyewe. Fundi wako ataitazama nikiwa nimeishika."

Kesho yake tukapanda bajaji mpaka Buzuruga. Alivaa kitenge chake cha kanisani. Nilimkalisha chumba cha nyuma kwenye kiti chenye mto, fundi wangu, ambaye ni mama wa makamo asiyependa maneno, akapiga goti mbele yake na futi ya kupimia. Mama akaifungua jezi. Sikuwa nimeiona kwa karibu tangu msiba. Ilikuwa imekuwa ya rangi ya maziwa, mikunjo yake imekuwa kama imeshonwa, na samaki amepasukapasuka rangi. Fundi alipima ukosi bila kuigusa zaidi ya ncha za vidole. Nilimpenda kwa hilo.

Nilikuwa nimepanga kazi iishe mapema, tuondoke. Sikupanga mwenyekiti aje. Alikuja, kama kawaida yake, kicheko kikitangulia mlangoni.

"Shikamoo mama!"

"Malahaba, mwanangu."

Akaiona. Maskini, macho yalimtoka, akashika kichwa. "Jamani! Jamani jamani! Ni yenyewe!" Akachuchumaa pale pembeni ya fundi kama mtu aliyekuta ndugu yake wa zamani. "Mama, umeitunza wewe? Mungu akubariki. Yangu ilikwenda na maji, mke wangu aliifanya dekio. Unajua hadithi ya hili neno?"

Nikamwita: mwenyekiti, njoo mara moja huku mbele. Nikamkonyeza. Nikamkazia macho mpaka yakaniuma. Ningeweza kumrushia mkasi. Yeye alikuwa ameshaanza, na mwanaume akianza hadithi ya mpira huwezi kumzima.

"Tulikuwa tumeshuka, mama, tumenuna. Tukasema tutengeneze jezi, samaki aseme, narudi. Sasa kwenda kwa fundi wa kuchapa, tukampa maneno kwa mdomo. Mimi Msukuma, katibu Msukuma, fundi Msukuma. Sisi tukasema naludi, yeye akasikia naludi, akaandika naludi. Hakuna aliyekosea! Tumeenda nazo uwanjani, tumejipanga, tunapunga mikono, ndipo mashabiki wa wageni wakaanza kutucheka, wanatuonyesha vidole vifuani. Hata hapo wengi wetu tulichelewa kuelewa wanacheka nini."

Alicheka mwenyewe. Fundi alikuwa ameacha kupima. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, sioni la kufanya na mikono yangu.

Mama akauliza taratibu, "Zilikuwa nyingi?"

"Jukwaa zima, mama. Ukiangalia kila kifua kinasema naludi."

"Na huyu... wa hii... alinunua tu, kama nyie?"

"Sote tulinunua, mama. Ilikuwa ya timu." Hapo ndipo alipouona uso wa mama, kisha akauona wangu. Kicheko kikamkatikia kooni. Alikuwa amemfahamu mdogo wangu. Jukwaani walikuwa wakikaa pamoja. Alichokuwa hajui ni kwamba mimi ni dada yake, kwamba huyu bibi kizee ndiye mama yake, na kwamba kule nyumbani hakuna kaburi.

Mama aliiangalia ile jezi. Alipitisha kidole juu ya herufi kama siku ile, lakini safari hii hakutamka. Nilimjua mama yangu akiwa na hasira, nilimjua akiwa na huzuni. Ule uso wa pale sikuwahi kuuona, ulikuwa uso wa mtu aliyegundua kwamba barua aliyoitunza miaka yote ilipelekwa nyumba nyingi.

"Kumbe hakuwa ananiambia mimi," akasema.

Kisha akamkabidhi fundi jezi. Akaiachia kabisa, mikono ikabaki mitupu mapajani. "Shika, mama. Pima vizuri. Usiogope kuigeuza."

Nilitaka mwenyekiti apasuke hapo hapo. Nilimtoa nje nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika humu, watu wa stendi wakageuka. Alikaa kwenye ngazi ya kibanda, akavua kofia. "Dada, sikujua," akasema. "Nilikuwa nasimulia jambo zuri." Na kweli, alikuwa anasimulia jambo zuri. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Nyumbani mama hakugusia. Alikula, akaosha vyombo vyake mwenyewe ingawa namkataza, akaniuliza bei ya dagaa. Siku zilizofuata zilikwenda hivyo hivyo, mpaka nikaanza kutamani anitukane. Jezi ilirudi kutoka kwa fundi imekunjwa ndani ya mfuko safi. Nilimpa, akaipokea, akaiweka juu ya meza kama anavyoweka kitabu cha nyimbo. Hakuirudisha chini ya mto.

Jumapili tukitoka kanisani akaniambia, tukiwa njiani tu, "Mpigie baba yako mdogo. Mwambie akate mgomba."

Mimi niliyepigania kaburi lile miaka yote, niliyemwita mama yangu majina mabaya, ndiye niliyekosa nguvu. Nilikaa chini pale kando ya barabara na gauni langu jeupe, nikalia kwa sauti. Nililia kwa sababu nilielewa kitu ambacho sikuwa nimekitaka kukielewa. Miaka yote mama alipokuwa anakataa, na mimi nilikuwa na mahali pa kuegemea. Alikuwa anamngojea mdogo wangu kwa niaba yangu. Mimi nilibaki na kazi ya kukasirika tu, ambayo ni nyepesi. Sasa ameacha kungoja, na hakuna mwingine anayengoja, basi kweli amekufa.

Mama alinisimamia kichwani. "Inuka," akasema, "watu watasema umelewa."

Mwenyekiti alipiga simu siku chache kabla hatujaondoka kwenda Mara. Habari hizi zinasambaa, sijui nani alimwambia. Nilitegemea ataulizia fremu yake ya kioo, nikawa nimeshachemka tayari. Akauliza kama anaruhusiwa kuja. Nikamwuliza mama, nikamweleza kwamba alimfahamu mdogo wangu. Mama akasema, "Si alikaa naye jukwaani? Aje."

Tulifika nyumbani siku ya Ijumaa. Baba mdogo alikuwa amefyeka pale pembeni ya kaburi la baba, vijana wamechimba, udongo bado mbichi. Shina la mgomba lilikuwa limelazwa kivulini nyuma ya nyumba. Mama alikwenda kulitazama kabla hata hajakunywa maji. Akasimama upande wa kichwani, akasimama upande wa miguuni.

"Fupi," akasema.

"Shemeji, ndiyo urefu wangu, na yeye kimo chake kilikuwa kama changu," baba mdogo akajibu.

"Alikupita. Mwanangu hakuwa mfupi. Kata jingine."

Wakakata jingine. Hakuna aliyenung'unika, hata vijana waliolibeba lile la kwanza.

Mchungaji wa sasa ni kijana, mwenye digrii, na nilikuwa nimejiandaa kupambana naye. Hakuleta ubishi. Aliniambia yeye atasubiri kaburini, ufukweni aachiwe mama. Nilimshukuru kwa ukali kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshapanga maneno na sasa sikuwa na pa kuyapeleka.

Asubuhi yake tukashuka ziwani. Kulikuwa na joto, na mwenyekiti alikuwa amevaa koti zito, ameifunga zipu mpaka kidevuni, jasho linamtiririka masikioni. Nikamnong'oneza avue, atazimia. Akatikisa kichwa. Nikaelewa amevaa nini ndani. Alikuwa amekuja na jezi mpya, ya kwanza kutoka kwenye mashine yangu, na alipofika akaona aibu kuionyesha, na aibu kuivua. Mama alimpita, akarudi nyuma, akamshushia zipu mwenyewe mpaka tumboni. Akaliangalia neno, jipya, jeusi, linang'aa.

"Ni zuri," akasema. "Acha lionekane. Mlikuwa mnalipenda."

Mwenyekiti alilia kama mtoto mdogo, yule mtu mnene, na safari hii nilimpa leso yangu.

Wanawake walikuwa wanafua upande wa pili wa miamba. Walipotuona waliacha, wakajifunika khanga vichwani. Baba mdogo alikuwa amemfundisha mama maneno yanayosemwa. Si marefu. Unamwita mtu kwa jina la nyumbani, unamwambia atoke majini, unamwambia baba yake anamngoja. Alimkumbusha mara kadhaa njiani, na mama aliitikia kila mara kwamba ameelewa.

Aliingia majini taratibu, mimi nimemshika kiwiko, mpaka maji yakampata magotini, pale miguu yake iliyovimba ikapata nafuu kidogo, nikamsikia akivuta pumzi. Akaniambia nimwachie. Nikamwachia. Aliishika jezi kwa mikono miwili, akamwita mdogo wangu. Sikujua kama mwanamke mgonjwa anaweza kuwa na sauti ile. Ilikwenda mbali juu ya maji, na ndege wakaruka kwenye matete.

Tukasubiri yale maneno ya baba mdogo. Hakuyasema. Nikadhani ameyasahau, nikataka kumkumbusha, baba mdogo akanishika bega.

"Mwanangu," mama akasema, sasa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na mtu aliye chumba cha pili. "Hukuniahidi kitu. Ni mimi nilisoma vibaya. Nimekaa nikikulaumu kwamba huji, kumbe wewe ulikuwa unangoja kuitwa. Usione haya. Nimekuja kukuchukua mwenyewe."

Akaizamisha jezi, akaishikilia chini ya maji muda mrefu. Alipoitoa ilikuwa nzito, akaikumbatia kifuani bila kuikamua, maji yakamshuka kitenge chote mpaka miguuni. Akapanda njia ya nyumbani peke yake, hataki kushikwa. Tukamfuata, na hakuna aliyegeuka.